Watu Watatu wa Barafu na Mkebe wa Pili

Nimesimulia safari hii mara nane tangu nirudi. Mara ya kwanza niliisimulia kwa furaha, na mara ya nane niliisimulia kwa sababu mtu alinizuia mlangoni mwa choo. Basi naiandika, ili Josia awasomee wengine pale lain, kwenye nyumba zetu za wafanyakazi, na mimi nile ugali wangu kwa amani. Habari ya vibali na mihuri, na nani alitia sahihi wapi, nimeiacha. Kila mtu hapa anavijua vibali, na sijaona mtu akivicheka. Nataka pia ieleweke tangu mwanzo kwamba kosa la mikebe ya picha lilikuwa langu. Kilonzo, dereva wetu, amelitangaza mbele ya watu wengi, nami nakubali ili anyamaze.

Kwa wasioijua kazi yangu, mimi ndiye sauti ya gari la sinema. Picha zinakuja na Mzungu ndani yake anayeeleza kwa Kiingereza. Kilonzo anampunguza sauti Mzungu huyo, nami naeleza kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti. Watu wananiita Karani ingawa sijawahi kuwa karani hata siku moja. Nimeeleza chanjo ya ng'ombe, upandaji wa kahawa na usafi wa maziwa, na nasema bila majivuno kwamba sauti yangu inasikika mpaka ng'ambo ya mto.

Stoo ya kahawa, Gatongora

Picha inataka giza, na kafyu inataka watu wawe ndani kabla ya giza. Kwa hiyo tulionyesha saa tisa mchana ndani ya stoo ya kahawa, milango imezibwa kwa magunia, watu wamebanana sakafuni. Lilikuwa joto la kuoka mkate, na katika joto hilo nikaanza kueleza habari za baridi.

Ilikuwa picha ya wanaume watatu waliochukua mashua ndogo ya tanga moja wakaenda nayo kaskazini kabisa mwa dunia, kwenye bahari iliyoganda. Kwa nini walikwenda, yule Mzungu wa ndani hakusema vizuri. Mimi nilisema wametumwa na mwenye shamba, maana hakuna mtu Gatongora angekubali kwamba walikwenda kwa hiari yao.

Mwanzoni watu walifurahi sana. Walicheka mmoja alipotapika baharini huku mwenzake akiendelea kukaanga samaki bila kugeuka. Mnyama mkubwa mweupe alipopita juu ya barafu nilisema ni dubu. Hakuna aliyeelewa. Nikasema ni simba wa huko, na mtu mmoja nyuma akasema yule ni kondoo, yeye amechunga kondoo tangu utotoni na hawezi kudanganywa. Tulibishana mpaka mnyama mwenyewe akatoweka. Halafu nikafasiri kwamba huko, katika miezi fulani, jua halizami kabisa. 

"Sasa kazi inaisha saa ngapi?" akauliza mama mmoja mchumaji.

Nikasema picha haielezi.

"Hiyo shamba mimi siendi," akasema, na wachumaji wote wakamuunga mkono. Nyapara peke yake ndiye aliyeonekana kuipenda nchi hiyo.

Kisha barafu ikaanza kuizingira mashua. Ilikuja kushoto, ikaja nyuma, ikaja mbele, mpaka mbao zikawa zinalia. Wale watatu walisimama wakitazama, ndevu zao zimekuwa nyeupe, na mkanda wa kwanza ukaishia hapo. Kilonzo akaweka mkanda wa pili haraka kabla watu hawajapumua. Shuka la kuonyeshea picha likawaka tena, na sote tukamwona mwanamume mwenye kaptula akichimba shimo katika udongo mwekundu.

Mkanda ule ulikuwa wa picha ya kufundisha kuchimba choo. Asubuhi tulikutana Ruiru na gari la pili, la Petro, na mimi ndiye niliyegawa mikebe. Yote inafanana, na nilikuwa na ndizi mkononi. Petro aliondoka na mwisho wa bahari yetu, sisi tukabaki na mwisho wa choo chake. Mimi nililielewa jambo hilo mara moja. Waliokuwa wameketi sakafuni hawakulielewa. Wao walikuwa wamewaacha watu watatu kwenye barafu, na sasa wanaona shimo la pembe nne, urefu wa mtu.

Cucu Wanjiru akasimama; cucu kwa Kikuyu ni bibi. Wengi wenu mnamjua, lakini kama kuna wageni Josia awaambie. Mwanawe Ng'ang'a alikamatwa na askari akapandishwa lori Nairobi miaka minne iliyopita, pamoja na wanaume wengine wa mtaa alimokaa, na tangu siku hiyo hakuna barua wala salamu. Siku hizi wanaume wanarudishwa kidogo kidogo kutoka kambi za kizuizini. Kila lori likifika Ruiru Cucu huwa amesimama pale, anawatazama wanaoshuka mmoja mmoja, kisha anarudi nyumbani. Wote waliorudi wanamwambia hawakumwona Ng'ang'a.

"Hiyo ni kaburi," akasema. "Ni ya nani kwa hao watatu?"

Nikaeleza kwenye kipaza sauti, kwa sauti yangu yote, kwamba kile kilikuwa choo. Cucu akauliza ni mtu gani ameshikwa na barafu aanze kwanza kuchimba choo. Watu wakaona ameuliza swali zuri. Kilonzo akazima mashine, na tukatoka nje wote tukiwa na huzuni.

Kwa miguu hadi stesheni ya Ruiru

Jioni ile ile gari letu lilivunjika springi kwenye shimo la barabara, na Kilonzo akakaa kungoja nyingine kutoka Nairobi. Ofisi ya shamba ikampigia Petro simu Thika. Akasema mkebe wetu anao, nimpelekee wake, atanisubiri. Nilifikiri nitakwenda peke yangu, mkebe kwapani, nirudi siku ya pili.

Asubuhi nilimkuta Cucu mlangoni pangu amevaa nguo yake ya kanisani. Mgongoni alikuwa na mzigo wa kuni, ule mzima wa kufungwa kwa mkanda wa ngozi kupita kipaji cha uso. Miguuni pake palikuwa na sweta tano, blanketi moja na gunia dogo la viazi vitamu.

Kumbe akina mama walikuwa wamekutana baada ya picha. Mjue kwamba hapa kwa Wakikuyu mwenzao akijifungua wanampelekea kuni na uji, na anayekwenda mikono mitupu anasemwa mwaka mzima. Wale akina mama walikuwa wametazama picha yote kwa macho ya watu wa jikoni. Mimi niliona bahari, mashua na barafu. Wao waliona kwamba mahali pale hapakuwa na mti hata mmoja.

"Wanapikia nini?" Cucu akaniuliza.

"Cucu, picha hii ilipigwa zamani."

"Lini?"

"Labda mwaka juzi."

"Na walitoka?"

"Sijui. Mkanda wa pili ndio unajua."

"Basi kama wewe hujui, wako huko."

 Nikachukua sweta na viazi, yeye akabaki na kuni. Nilijaribu kumwomba aniachie mimi kuni, nikaweka ule mkanda kwenye kipaji changu, nikatembea hatua kumi na mbili, nikamrudishia. Akajitwika, akatangulia njiani.

Garimoshi, Ruiru hadi Thika

Ruiru hadi Thika si mbali. Mtu mwenye baiskeli nzuri na asiye na maneno mengi anafika kabla chai haijapoa. Garimoshi letu lilitumia nusu siku. Lilisimama Juja kungoja garimoshi jingine lipite, na lile jingine nadhani lilikuwa mahali likitungoja sisi. Watu wakashuka wakanunua miwa. Dereva naye akashuka akanunua miwa, na tulipomwona anachagua polepole tukajua hakuna haraka.

Behewani kila aliyepita alijikwaa kwenye kuni za Cucu. Kila aliyejikwaa aliuliza zinakwenda wapi, na Cucu alimweleza. Kufika saa sita behewa lote lilikuwa na maoni. Fundi seremala mmoja alisema mashua ya mbao ikibanwa inapasuka, hakuna la kufanya. Mama mmoja akamwambia anyamaze, haoni mama mzee amekaa hapo? Akavunja kiazi kimoja kwenye gunia letu akala, akasema vimeiva vizuri, watavipenda.

Cucu hakula kiazi wala muwa. Nilimkatia kipande laini kabisa, akakishika tu. Ndipo aliponiambia.

"Tangu ile shimo mimi sijakula kitu. Ile barafu ikifunga, nilisema kwa roho yangu, hawa watatu wakitoka, na wangu atatoka. Nilisema na Mungu akasikia. Sasa siwezi kurudisha."

Niliuma muwa wangu nikakosa ladha. Mimi nimezoea picha. Mtu akianguka farasini namtangaza kaanguka, nakwenda kula. Sasa mama huyu alikuwa amemfunga mwanawe kwa watu watatu wasiojulikana, na aliyeuacha mwisho wao Ruiru kwa ajili ya ndizi ni mimi. Niliogopa, wala sioni haya kusema.

Stesheni ya Thika

Hapa ndipo wengi mnanitaka nifike, basi nimefika.

Askari alikuwa anakagua mizigo. Akaona sweta tano za kiume, blanketi, gunia la chakula na kuni, na mbele yake mama Mkikuyu. Mnajua nyakati zilivyo. Mama akibeba nguo za kiume na viazi, kila askari anafikiria wapiganaji walio msituni. Nilijua hivyo kabla hajafungua mdomo, nikamkanyaga Cucu mguu kidogo ili aniachie mimi niongee. Akautoa mguu wake akaendelea.

"Hii nguo ni ya nani?" akauliza askari.

"Ni ya wanaume watatu."

"Wamejificha wapi?"

"Hapana jificha. Wameshikwa na baridi. Huko juu kabisa, hakuna miti."

"Nani alileta habari yao?"

"Huyu Karani," akasema Cucu, akinionyesha kwa kidevu. "Yeye anajua hao vizuri."

Tukapelekwa ofisini. Sajini alikuwa mtu mkubwa, ametokea kule kwetu magharibi, na nilipomsalimu kwa lugha ya nyumbani alinitazama kwa huruma ya mtu anayejua ukoo wako utaisikia aibu hii. Akaamuru nifungue mkebe. Akavuta mkanda kidogo, akauinua dirishani, akafumba jicho moja.

"Naona mtu anachimba shimo," akasema. "Mnazika nini?"

"Ni choo, bwana sajini."

"Hao watu wa baridi wamechimba choo?"

"Hapana. Hiki ni choo cha watu wengine."

Nilipoisikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwangu nilijua hakuna tena la kueleza, labda nionyeshe. Na kwa kuwa mkanda wa bahari sikuwa nao, nilisimama katikati ya ofisi nikaanza mwanzo. Nilifanya upepo. Nilifanya tanga likipigapiga. Nilimfanya anayetapika na anayekaanga samaki. Nilipofika kwenye jua lisilozama, askari mmoja mlangoni akauliza mlinzi wa zamu ya usiku huko anaingia saa ngapi, sajini akamwambia afunge mdomo asikie. Barafu ilipoanza kulia nilikuwa juu ya kiti, na mlangoni kulikuwa na askari wanne na mchukuzi wa mizigo.

Nikashuka kitini.

"Endelea," akasema sajini.

"Inaishia hapo, bwana."

"Inaishia hapo namna gani?"

"Mwisho uko kwa Petro."

Sajini akaufunga mkebe akanirudishia. Kisha akasema gari la Petro ameliona kwa macho yake asubuhi, limeshika njia ya Ngoliba. Petro, ambaye alisema atanisubiri. Tukaruhusiwa kwenda, kwa sharti kwamba wakati wa kurudi tupite hapo kuwaambia mwisho, kabla ya mahali pengine popote. Askari yule wa kwanza, aliyetukamata, alituandama mpaka nje akampa Cucu soksi zake za akiba.

"Wewe umeeleza vizuri kuliko picha," Cucu akaniambia barabarani. Nilijifanya sijasikia ili arudie. Hakurudia.

Lain za kiwanda, Thika

Kafyu ilikuwa inakaribia, kwa hiyo tulikwenda kwa Shem, mtu wa kijiji chetu anayefanya kazi kiwandani. Anakaa chumba kimoja na mkewe Rasoa, tena chumba kilichopangwa kama kabati. Walitupokea kwa furaha, na Rasoa akatoka nje. Nikasikia jogoo akipiga kelele, kisha nikasikia amenyamaza.

Mliooa kwetu mnajua maana yake. Mgeni wa kweli anachinjiwa kuku, na mgeni asiyemla amemtukana mwenye nyumba mbele ya watoto wake. Lakini Cucu ni mtu wa zamani, na Wakikuyu wa zamani hawali kuku. Kwao kuku ni ndege tu anayepita uani. Nilitazama ile sufuria inatokota nikaona vita vinakuja.

Rasoa akaweka mapaja mawili mbele ya Cucu.

"Asante mama," akasema Cucu. "Mimi hapana kula ndege."

Rasoa akafikiri kuku hajaiva. Akamrudisha jikoni, akamwongezea moto. Akamleta tena. Cucu akashukuru tena. Rasoa akaleta chumvi. Shem akaanza kuniangalia mimi, kana kwamba nimemleta mtu aje amdharau. Ili kuokoa heshima ya pande zote mbili nilikula mapaja ya Cucu juu ya yale yangu, na mgongo, na mabawa, na jambo hilo halikusaidia hata kidogo. Rasoa akaleta ugali na mboga za majani bila nyama. Cucu hakugusa. Hapo Rasoa akaweka mikono kiunoni.

"Mama, nimekukosea nini?"

Cucu akamwambia. Hakumwambia habari ya ndege, alimwambia habari ya shimo, na ya lori, na ya maneno aliyomwambia Mungu kwenye stoo ya kahawa. Alisema kwa Kiswahili chake kifupi, na Rasoa alikuwa amekaa chini kabla hajamaliza. Akachukua sahani ya ugali akaifunika. Akampa chai ya rangi, na Cucu akanywa, kwa kuwa chai aliona si chakula.

"Na wewe umekula kuku mzima," Rasoa akaniambia.



Juu ya trela hadi Ngoliba

Asubuhi tulipata trekta la shamba la mkonge lililokuwa linarudi na trela tupu. Dereva aliitwa Mutua, Mkamba, mtu mchangamfu kuliko nilivyotaka asubuhi ile. Alipoziona kuni alishuka kitini acheke vizuri.

"Mama unapeleka kuni Ngoliba? Huko hakuna kitu kingine. Tunakosa maji, tunakosa majani, kuni tunaruka juu yake."

"Si za Ngoliba," akasema Cucu.

Barabara ile ni kavu, na kadiri ulivyoshuka jua lilizidi. Mto Chania na kijani chake tuliviacha nyuma, ikabaki mikonge na vumbi. Mimi nilikuwa nimekalia sweta tano za sufu. Trekta lenyewe lilikwenda vizuri, lakini kila baada ya maili moja Mutua alikuwa na shemeji. Alisimamisha injini, akashuka, wakaulizana habari za ng'ombe mmoja mmoja, kisha shemeji akatutazama sisi na kuuliza zile kuni ni za nini. Nilikuwa nimehesabu mashemeji saba nilipoacha kuhesabu.

Juu ya trela ile nilifanya uamuzi, na wale wanaosema mimi ni mtu wa mzaha tu wausikie. Niliamua kwamba wale watatu wakifa, nitadanganya. Wakilala chini nitasema wamesinzia. Wakizama nitasema wanaoga. Uongo wa kipaza sauti ni kitu kibaya katika kazi yangu, kwa sababu watu wanakuamini kuhusu chanjo, lakini nilimtazama mama yule ameshika kuni zake, siku ya tatu bila chakula, nikaona nitadanganya mpaka sauti iniishie.

Tulipoingia Ngoliba tulishangaa. Kila nyumba ya lain ilikuwa na mtu anayechimba. Wanaume walikuwa ndani ya mashimo mpaka mabegani, wake zao wanavuta udongo kwa karai, hakuna anayepiga soga. Nimeeleza habari ya choo katika mashamba mengi na sijawahi kuona watu wakitii hivyo.

Petro ndiye aliyenieleza. Jana yake alionyesha mkanda wa kwanza wa choo, wa yule mwanamume mvivu aliyekataa kuchimba. Halafu akasahau habari ya simu, akaweka mkanda wa pili, na watu wakaona wanaume watatu mahali peupe pa baridi, hakuna nyumba, hakuna miti, ndevu zimeganda, wanatazamana. Petro aliuzima baada ya dakika mbili alipoona ni bahari. Lakini dakika mbili zilitosha. Ngoliba ilikuwa imeelewa wanakopelekwa wasio na choo.

"Umewaambia si hivyo?" nikamuuliza.

"Niwaambie ili iweje?" akasema Petro. "Tazama wanavyochimba."

Stoo ya mkonge

Saa kumi tulionyesha. Mkonge ulisukumwa pembeni, milango ikazibwa, na wachimbaji wakaja na udongo miguuni. Cucu alikaa mbele kabisa, kuni zake kando. Petro alitaka kueleza yeye kwa kuwa mashine ni yake. Nilimwambia anipe kipaza sauti, na nadhani aliona uso wangu, maana alinipa.

Wale watatu walikuwa pale pale tulipowaacha. Walishika mashoka wakaanza kuipasua barafu, wakapasua, wakachoka. Walikula nyama ya mnyama wa baharini, mbichi, na Ngoliba ikaguna. Kisha wakalala chini juu ya barafu, wamejifunika, hawatikisiki hata mmoja. Upepo ulikuwa unapita juu yao.

"Wamesinzia," nikasema.

Na kweli walikuwa wamesinzia. Mmoja akainuka akajikuna. Sijawahi kumpenda mtu kwa kujikuna kama nilivyompenda yule. Wakafunga kamba kwenye mashua, wakaivaa mabegani wote watatu, wakaikokota juu ya barafu kama maksai, wanaanguka, wanainuka. Wakafika penye maji. Tanga likapanda. Na mwisho tukaona bandari ndogo, watu wamejaa ukingoni wanapunga kofia, na mwanamke mmoja mzee akamshika mmoja wao masikio yote mawili akamtikisa kichwa kwanza, ndipo akamkumbatia.

Ngoliba ilipiga vigelegele. Petro, ambaye alisema hajali picha za bahari, alikuwa anafuta macho kwa shati. Mimi nilimtazama Cucu, nikingoja asimame. Hakusimama. Alikuwa bado anaangalia shuka tupu.

"Karani," akasema, "hao watatu nimeona. Sasa wa nne ako wapi?"

"Wa nne yupi, Cucu?"

"Wakati wanavuta mashua, wote watatu walikuwa kwa kamba. Nani alikuwa amesimama huko mbele anaangalia hao?"

 Mimi nimeeleza picha miaka mitatu, za ng'ombe na za kahawa na za wafalme, na wala siku moja sikuwa nimemfikiria mtu huyo.

"Ni mpiga picha," nikasema.

"Alikuwa kwa barafu na wao?"

"Siku zote."

"Mbona sijaona yeye?"

"Hawezi kuonekana, Cucu. Yeye ndiye ameshika mashine."

"Alirudi?"

Safari hii sikuhitaji kudanganya. "Alirudi. Asingerudi, picha hii ingefikaje Ngoliba?"

 Cucu alikuwa anahesabu kitu kwa vidole vyake, polepole.

"Kwa hivyo mtu anaweza kuwa huko na wengine," akasema, "na hakuna mtu anaona yeye. Hata hao wengine wakirudi, hakuna anasema nimeona yeye. Na yeye anakuja tu."

"Ndiyo, Cucu."

"Sema kwa hiyo chuma. Watu wote wasikie."

Nikainua kipaza sauti. Ile sauti yangu inayovuka mito haikutoka vizuri, ikabidi nianze mara mbili. Niliwaambia watu wa Ngoliba kwamba kulikuwa na mtu wa nne ambaye hakuna aliyemwona, kwamba baridi ilimshika kama wenzake na njaa ilimuuma kama wenzake, na kwamba amerudi.

"Anaitwa nani?" Mutua akauliza kutoka nyuma. "Tumpigie makofi yake."

Jina la mtu yule sikulijua. Nikamtazama Cucu.

"Ng'ang'a," akasema.

"Anaitwa Ng'ang'a," nikasema kwenye kipaza sauti, na stoo nzima ikasimama, wachimbaji na wake zao, ikampigia makofi.